Sindano si dawa: Hatari inayomnyemelea farasi baada ya kudungwa

Wengi wetu tuna imani kubwa na sindano. Mgonjwa akienda zahanati akapewa vidonge peke yake, hurudi nyumbani akinung'unika kwamba hakutibiwa. Lakini akidungwa, hata kama ni dawa ile ile iliyomo katika vidonge, huona kwamba leo ameonana na daktari wa kweli. Imani hiyo hatukuiacha kwa binadamu tu. Tumeipeleka hadi kwenye zizi la ng'ombe, kibanda cha punda na banda la farasi.

Leo, msomaji, tunakuletea habari za ugonjwa ambao huanzia pale pale imani hiyo inapoishia, yaani kwenye ncha ya sindano. Ni ugonjwa wa nadra. Hata hivyo, ukimpata farasi unaweza kumuua katika muda wa siku moja au mbili. Nyama ya shingo au ya paja huoza mnyama angali hai, sumu ikaenea mwilini, na mwenye mali akabaki ameshika tama asijue kwamba balaa lilianza siku ile aliyodhani anamtibu mnyama wake.

Pengine unajiuliza, mimi ninayeishi Buruburu au Umoja yanihusu nini mambo ya farasi? Yanakuhusu zaidi ya unavyodhani. Jumapili za mashindano, familia nyingi za Nairobi huwapeleka watoto kwenye uwanja wa Ngong kuwatazama farasi wakikimbia. Huko Karen na Langata kuna shule za kufunzia watu kupanda farasi, na pale Jamhuri mchezo wa polo una wapenzi wake. Nyuma ya kila farasi unayemwona amepambwa kuna saisi anayemlisha, anayempiga brashi na kumlaza, na ambaye mshahara wake unategemea afya ya mnyama huyo. Isitoshe, farasi ana ndugu anayetuhudumia maelfu kwa maelfu, naye ni punda.

Ndugu wa pepopunda na chambavu

Viini vinavyoleta maradhi haya ni bakteria wa jamii iitwayo klostridia. Huenda jina hilo ni geni kwako, lakini watoto wa ukoo huo unawajua. Mmoja wao ndiye aletaye pepopunda, ugonjwa ambao akina mama waja wazito huchanjwa dhidi yake kliniki. Mwingine huleta chambavu, ugonjwa unaowaua ndama walionenepa vizuri na ambao mfugaji yeyote wa ng'ombe akiusikia hushtuka. Yule ambaye mara nyingi hupatikana kwa farasi aliyeugua baada ya kudungwa huitwa na wanasayansi Clostridium perfringens. Mabingwa wawili, William Welch na George Nuttall, ndio waliomweleza kwa mara ya kwanza huko Baltimore, Marekani, katika mwaka wa 1892.

Bakteria hawa wana tabia mbili ambazo ni lazima uzielewe. Ya kwanza ni kwamba hawapendi hewa. Panapokuwa na oksijeni ya kutosha hawawezi kuzaana. Ya pili ni kwamba mambo yakiwawia magumu hujifunga ndani ya ganda gumu mfano wa mbegu ya mti, wakalala usingizi. Katika hali hiyo wanaweza kukaa kwenye udongo kwa miaka na miaka. Jua kali haliwashughulishi, na hata ile spiriti tunayopakwa na muuguzi kabla ya sindano haiwaui.

Makao yao ni udongo, mavi ya wanyama na utumbo wa farasi mwenyewe. Wanajeshi waliopigana Ufaransa na Ubelgiji katika Vita Vikuu vya Kwanza waliwajua vyema. Mashamba waliyochimba mahandaki yalikuwa yametiwa mbolea ya wanyama kwa karne nyingi, na mtu aliyepigwa risasi au kipande cha kombora aliingiziwa mwilini udongo huo. Wengi walikatwa miguu na mikono baada ya nyama kuoza na kujaa gesi.

Jambo la kushangaza zaidi liligunduliwa baadaye. Mnamo 2003 watafiti walitangaza kwamba walikuwa wamepata mbegu za klostridia ndani ya misuli ya farasi wasiokuwa na ugonjwa wowote. Kumbe adui anaweza kuwa tayari yumo ndani ya nyumba, amelala fofofo, akingoja siku ya kuamshwa.

Sindano inavyomwamsha adui

Je, ni kitu gani kinachomwamsha? Hebu tuchukulie kwamba wewe ni saisi katika banda moja la farasi. Ni saa nne za usiku. Farasi unayemtunza anajigaragaza, anajipiga tumbo kwa mguu, anageuka kuutazama ubavu wake na jasho linamtoka. Ana msokoto wa tumbo. Huu ni ugonjwa unaowasumbua farasi mara kwa mara, kwa kuwa utumbo wao ni mrefu wenye kona nyingi, na Mungu hakuwajalia uwezo wa kutapika.

Unampigia daktari simu, haipatikani. Kabatini kuna chupa ya fluniksini iliyobaki mwezi uliopita. Hii ni dawa nzuri sana ya kutuliza maumivu na homa. Unaivuta kwa bomba, unamdunga farasi shingoni, ndani ya msuli. Baada ya muda mfupi anatulia na kuanza kunusa majani. Unakwenda kulala ukimshukuru Mola.

Tazama sasa yanayotokea mahali sindano ilipoingia. Dawa hiyo ni kali kwa nyama. Inapomwagwa katikati ya msuli, huzichubua na kuziua chembe kadhaa za nyama zilizo karibu. Vijishipa vya damu navyo huumia, na damu ndiyo inayobeba oksijeni. Basi hapo pametengenezwa chumba kidogo kisichokuwa na hewa, kilichojaa nyama iliyokufa. Kwa klostridia, hicho ni chumba cha karamu. Mbegu iliyoingia na sindano kutoka kwenye ngozi, au iliyokuwa imelala humo humo msulini, huvunja ganda lake na kuanza kuzaana.

Hizo bakteria zinapozaana hutoa sumu. Sumu huua nyama iliyo jirani, chumba kikapanuka, bakteria zikaongezeka, sumu ikazidi. Mduara huo ukishaanza hausimami wenyewe. Mwishowe sumu huingia katika damu na kuushambulia moyo, figo na mwili mzima.

Ni njia, si dawa

Hapa ndipo penye kiini cha makala haya. Sindano si dawa. Sindano ni njia tu ya kuifikisha dawa mwilini, kama vile barabara ilivyo njia ya kufika Kisumu. Dawa moja inaweza kuwa salama ikipitia njia moja, na ikawa hatari ikipitia nyingine.

Fluniksini ni mfano mzuri. Farasi anaweza kupewa kwa mdomo, au daktari akamdunga kwenye mshipa wa damu. Dawa ikiingia mshipani huchanganyika na damu mara moja, haikai mahali pamoja ikachoma nyama. Huko Marekani maelezo ya dawa hiyo yanaruhusu idungwe msulini vilevile, lakini yanatoa onyo juu ya maambukizi haya haya tunayoyazungumzia. Kwa sababu hiyo madaktari wengi wa farasi huiepuka njia ya msuli kabisa. Dawa nyingine ya maumivu, fenilbutazoni, ni kali zaidi kwa nyama, na haifai kamwe kudungwa msulini.

Mfano mwingine ni ule wa ivamektini, dawa maarufu ya minyoo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 ilianza kuuzwa Marekani ikiwa sindano ya kudungwa farasi msulini. Minyoo ilikufa barabara. Lakini baadhi ya farasi walivimba mahali walipodungwa, wakaugua maradhi haya ya klostridia, na wengine wakafa. Dawa hiyo ya sindano ikaondolewa sokoni kwa upande wa farasi. Badala yake ikatengenezwa kama uji mzito unaominywa mdomoni mwa mnyama. Dawa ni ile ile, minyoo ni ile ile, na kazi inafanyika vyema. Kilichobadilika ni njia.

Habari hii ni muhimu kwetu kwa kuwa katika maduka ya dawa za mifugo, yale tunayoyaita agroveti, chupa za ivamektini ya kudunga ng'ombe zimejaa tele. Mtu mwenye farasi au punda hushawishika kununua hiyo hiyo na kumdunga mnyama wake. Asilolijua ni kwamba anarudia kosa lililokwisha kurekebishwa miaka mingi iliyopita.

Zipo pia habari za farasi waliougua baada ya kudungwa vitamini, dawa za mzio na hata chanjo. Usije ukanielewa vibaya, msomaji. Chanjo ni lazima, hasa ya pepopunda, kwani farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaoshikwa na ugonjwa huo kwa urahisi sana. Farasi wengi mno hudungwa kila siku duniani na hawapatwi na neno. Ni vyema kusema pia kwamba ugonjwa huu unaweza kutokea hata pale daktari hodari alipotumia sindano mpya na kusafisha ngozi vizuri. Tukio kama hilo lisiwe sababu ya kumshika mtu shati. Linalotakiwa ni kila sindano iwe na sababu, na baada ya sindano pawe na jicho linalotazama.

Dalili za kuangalia

Turudi kwa yule farasi aliyetulia usiku. Mara nyingi dalili za ugonjwa huonekana kati ya saa 6 na saa 72 baada ya kudungwa. Asubuhi ya pili unamkuta amesimama pembeni, kichwa amekiinamisha, chakula cha jana kimebaki. Unapomshika shingoni anaruka kwa maumivu. Pamevimba na pana joto. Anataka kunywa maji lakini shingo haikubali kuinama.

Uvimbe huo haubaki ulivyo. Ukiuacha saa chache unakuta umeteremka kuelekea kifuani, au umepanda hadi karibu na sikio. Ukiubonyeza taratibu kwa vidole unaweza kusikia mchakariko kama wa karatasi chini ya ngozi. Hiyo ni gesi inayotengenezwa na bakteria. Baadaye ngozi ya juu, ambayo mwanzoni ilikuwa ya moto, hupoa, ikakaza na kuwa nyeusi. Usidanganyike ukadhani anapata nafuu. Ngozi hiyo imekufa.

Mpime joto la mwili. Farasi mzima aliyekomaa huwa na joto la kati ya nyuzi 37.5 na 38.5 hivi za Selsiasi, na moyo wake hupiga mara 28 hadi 44 kwa dakika akiwa ametulia. Ukiona joto limepita nyuzi 39, moyo unakwenda mbio, na fizi zimebadilika rangi kuwa nyekundu ya kuiva au ya zambarau, jua kwamba sumu imeshaingia katika damu.

Bila shaka si kila uvimbe ni balaa. Farasi aliyechanjwa anaweza kuvimba kidogo, kama yai la kuku, akahisi maumivu kwa siku moja au mbili. Tofauti ni kwamba huyo anakula, uvimbe wake hauenei na hali yake ni njema. Uvimbe unaokua, pamoja na homa na kukataa chakula, ni jambo la kumwita daktari saa hiyo hiyo. Usingoje kupambazuke.

Kupasua ili kuingiza hewa

Matibabu ya ugonjwa huu huwatisha wanaoyaona kwa mara ya kwanza. Daktari huchukua kisu akaipasua ngozi na misuli iliyovimba, mipasuko mirefu na ya kina, kisha akaiacha wazi bila kuishona. Mwenye farasi akiona hivyo anaweza kupiga ukelele. Lakini kumbuka tulilosema hapo awali, kwamba adui huyu hapendi hewa. Kila mpasuko ni dirisha linalofunguliwa ili oksijeni iingie na uchafu utoke. Nyama iliyokufa huondolewa, na jeraha huoshwa kila siku.

Pamoja na hayo, farasi hupewa penisilini kwa wingi kupitia mshipani, ikirudiwa kila baada ya saa chache, na mara nyingi huongezewa metronidazoli. Huwekewa maji ya mshipani na kupewa dawa ya maumivu. Kazi hii haifanyiki kwa siku moja. Jeraha huchukua wiki nyingi kupona, na farasi wengine hubaki na kovu kubwa maisha yao yote.

Je, matumaini yapo? Yapo, tena makubwa, mradi tiba ianze mapema. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2003 uliwachunguza farasi 37 waliougua maradhi haya Marekani kati ya 1985 na 2000, wengi wao baada ya kudungwa sindano. Wale waliotibiwa na kupona walikuwa 27, yaani kama 73 katika kila 100. Farasi hao walifikishwa katika hospitali kubwa za mifugo, wakapasuliwa na kupewa dawa bila kupoteza wakati. Mnyama anayeachwa zizini hadi ngozi iwe nyeusi hana bahati hiyo, hasa akishikwa na aina nyingine za klostridia ambazo ni kali kuliko perfringens.

Ufanye nini?

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ikiwa unamiliki farasi, unamtunza wa mwenzio, au kijana wako ameanza kwenda kujifunza kupanda, zingatia mambo haya.

Kwanza, kabla ya sindano yoyote uliza, je, dawa hii inaweza kutolewa kwa mdomo? Ikiwa inaweza, chagua hiyo.

Pili, usimdunge farasi kwenye mshipa wa damu ikiwa hukusomea. Karibu sana na mshipa unaotumiwa shingoni kuna mshipa mwingine unaopeleka damu moja kwa moja kwenye ubongo. Dawa ikiingia huko kwa bahati mbaya, farasi anaweza kuanguka papo hapo na kukuangukia. Kazi hiyo mwachie daktari.

Tatu, ikiwa daktari ameagiza sindano ya msuli, tumia sindano mpya na bomba safi kwa kila mnyama. Usimdunge mahali penye tope au mavi. Mwulize daktari akuonyeshe mahali panapofaa. Wengi hupenda kudunga kwenye tako kwa kuwa pana nyama nyingi, lakini jipu likitokea hapo usaha hauna mahali pa kutokea.

Nne, andika. Chukua daftari la shilingi chache ulitundike bandani. Andika tarehe, saa, jina la dawa, kiasi, na upande wa mwili uliodungwa. Kisha mtazame mnyama asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu, ukimpapasa mahali hapo kwa mkono. Daktari akija atajua mara moja pa kuanzia.

Tano, daktari asipopatikana endelea kumtafuta, au umtafute mwingine. Weka namba za madaktari wawili au watatu ukutani kabla ya siku ya dhiki. Tena, dawa ya maumivu inaweza kuuficha msokoto mbaya wa tumbo unaohitaji upasuaji, farasi akaonekana ametulia kumbe utumbo unaoza.

Jambo moja la kutuliza moyo ni kwamba ugonjwa huu hauambukizi kutoka kwa farasi mmoja hadi mwingine kama mafua. Hakuna haja ya kumtenga mgonjwa wala kuwaogopa wenzake.

Na punda je?

Yote tuliyoyasema, mwenye punda ayachukue kama yake. Kule Lamu, ambako punda ndiye gari la mtaani, kliniki ya punda ilifunguliwa mwaka wa 1987 na inajulikana na kila mtoto. Sehemu nyingine za nchi mwenye punda hukimbilia agroveti tu, akauziwa chupa na sindano na kuambiwa mdunge hapa au pale. Ubaya ni kwamba punda ni mvumilivu kupita kiasi. Farasi akiumwa atajitupa chini. Punda atasimama kimya, ameshusha masikio, na mwenyewe atadhani amechoka na kazi. Kwa hiyo punda anayeacha kula ni mgonjwa tayari.

Sheria yetu nayo haikulala. Tangu 2011 Kenya ina sheria inayosimamia madaktari wa mifugo na wasaidizi wao, na Bodi ya Madaktari wa Mifugo ndiyo inayowasajili. Una haki ya kumwuliza anayekuja na mkoba wa dawa kama amesajiliwa. Aliyesajiliwa hatakasirika. Nanyi wanafunzi mnaopenda wanyama, fahamuni kwamba kitivo cha mifugo cha Chuo Kikuu cha Nairobi kiko hapo hapo Kabete, na nchi bado inawahitaji.

Mnyama hawezi kukwambia kwamba shingo inamwuma tangu jana. Hawezi kukuuliza umemdunga nini wala kwa nini. Ulimi wake ni mkono wako unaompapasa na jicho lako linalomtazama, siku ya kwanza, ya pili na ya tatu.